Kirusi Kilekile, Vifo Tofauti

Agosti 1967 wafanyakazi wa kiwanda cha chanjo katika mji wa Marburg, Ujerumani, walianza kushikwa na homa kali, kutapika na kutokwa damu. Wenzao wa Frankfurt, kisha wa Belgrade katika iliyokuwa Yugoslavia, wakaugua vilevile. Wengi wao walikuwa wamegusa tumbili walioletwa kutoka Uganda, au damu na viungo vya tumbili hao. Waliobaki waliambukizwa na wagonjwa. Jumla waliugua watu 31, wakafa 7. Miaka 57 baadaye, Septemba 27, 2024, Rwanda ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa ugonjwa huohuo, ambao sasa unaitwa Marburg, na ulipokwisha wagonjwa walikuwa wamefika 66, marehemu 15. Ukipiga hesabu, katika milipuko yote miwili walikufa takriban 23 katika kila wagonjwa 100. Sasa tazama mingine. Durba, mji wa wachimba dhahabu kaskazini-mashariki mwa Kongo, kati ya 1998 na 2000: wagonjwa 154, vifo 128. Uíge, Angola, 2004 hadi 2005: wagonjwa 252, vifo 227. Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, mwanzoni mwa 2025: walioorodheshwa 10, na wote 10 wamekufa.

Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba Marburg huua hadi watu tisa katika kila kumi, kana kwamba idadi hiyo imeandikwa ndani ya kirusi chenyewe. Haikuandikwa humo. Asilimia ya vifo hupatikana kwa kugawanya, na matokeo ya kugawanya hutegemea namba mbili. Ya juu ni vifo, ya chini ni wagonjwa wote. Vifo havifichiki kwa urahisi. Mji mdogo unaozika watu watano wa nyumba moja kwa wiki mbili utajua kuna jambo. Lakini mgonjwa aliyelala ndani siku kumi akanywa uji, akapata nafuu na kurudi shambani hawezi kuingia kwenye namba ya chini isipokuwa kuna mtu aliyemtoa damu na maabara iliyompima. Pasipo maabara, waliopona hawahesabiwi. Hoja ya makala haya ni kwamba ukali tunaousoma kwenye taarifa za milipuko unaeleza mambo mawili kwa pamoja, kirusi na umbali wa maabara, na kwamba mara nyingi tumelilaumu la kwanza kwa makosa ya la pili.

Ushahidi ulio wazi zaidi umo ndani ya taarifa zenyewe za mwisho wa milipuko, mahali ambapo wasomaji wachache hufika. Shirika la Afya Duniani hugawa wagonjwa katika mafungu. Kuna waliothibitishwa, yaani waliopimwa na kirusi kikaonekana, na kuna wa kukisiwa, ambao hawakupimwa lakini dalili zao na ukaribu wao na wagonjwa wengine vinatosha kuwaingiza kwenye hesabu. Katika mlipuko wa Marburg wa Guinea ya Ikweta mwaka 2023, waliothibitishwa walikuwa 17, na waliojulikana kufa kati yao ni 12. Wa kukisiwa walikuwa 23, na wote 23 walikufa. Uganda, katika mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan ulioanzia Mubende mwaka 2022, ilithibitisha wagonjwa 142, wakafa 55. Wa kukisiwa walikuwa 22, wakafa 22. Ugonjwa huo uliporudi Uganda mwaka 2025, waliothibitishwa walikuwa 12 na waliokufa kati yao 2. Wa kukisiwa 2, wote marehemu. Biharamulo kulikuwa na wawili waliothibitishwa na wanane wa kukisiwa. Ukijumlisha hao wa kukisiwa wa milipuko minne unapata watu 55, na hakuna hata mmoja aliyepona.

Msomaji makini atapinga hapohapo: bila shaka wamekufa wote, kwa sababu fungu hilo kwa kawaida hujazwa na watu waliozikwa kabla ya sampuli kuchukuliwa. Ni kweli, na ndicho ninachokisema. Hao 55 hawathibitishi kwamba kipimo kinaokoa maisha. Wanathibitisha jinsi namba inavyotengenezwa: aliyekosa kipimo anaingia kwenye daftari kupitia kaburini, na aliyekosa kipimo akapona haingii kabisa. Kadiri fungu la wa kukisiwa linavyokuwa kubwa ndivyo asilimia ya vifo inavyopanda, hata kama kirusi hakikubadilika chembe. Kwa hiyo Durba ilipotangaziwa asilimia 83, ilifaa itajwe pia kwamba kati ya wale 154 ni 48 tu waliothibitishwa maabara. Vifo vilikuwa vimeanza mwishoni mwa 1998 na kirusi hakikutambuliwa hadi Mei 1999, baada ya sampuli kutolewa katikati ya vita na kusafirishwa hadi Afrika Kusini. Uíge ni vilevile. Ugonjwa ulianza Oktoba 2004. Jibu lilipatikana Machi 2005, Atlanta, Marekani. Kwa miezi mitano watoto na wauguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usio na jina, na hakuna ajuaye ni wangapi waliougua wakapona katika muda huo.

Kwa nini aliyepona apotee? Kwa sababu siku za kwanza Marburg haina sura yake. Homa, kichwa, maungo kuuma, tumbo kuharibika: katika zahanati ya Kagera dalili hizo ni malaria mpaka ithibitike vingine, na mara nyingi ni malaria kweli. Tatizo ni pale kipimo cha haraka cha malaria kinapoonyesha mistari miwili kwa mtu mwenye maambukizi mawili. Mhudumu anaridhika, mgonjwa anapewa dawa ya mseto, na hakuna anayeuliza zaidi. Kipimo kikikosa malaria, lawama huhamia kwa taifodi, hasa pale penye kipimo cha Widal, ambacho katika nchi zetu kimewapa watu wengi taifodi wasiyokuwa nayo. Homa ya dengi iliposambaa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ilikuta mazoea hayohayo ya kuita kila homa malaria. Kirusi kipya hakihitaji ujanja wowote wa kujificha mahali penye desturi ya namna hiyo.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Ruangwa, mkoani Lindi, Julai 2022. Watu walikuwa wakiugua homa, kichwa na kutokwa damu puani, na hofu ya Ebola na Marburg ilifika Dar es Salaam kabla ya sampuli. Maabara ikapima, ikaondoa Ebola, ikaondoa Marburg, ikaondoa UVIKO-19, na mwisho ikataja leptospirosisi, ambayo Waswahili wanaiita homa ya mgunda. Si kirusi, ni bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama na wanaotibika kwa antibayotiki za kawaida. Wagonjwa walikuwa 20, vifo 3. Miezi minane baadaye, Machi 2023, dalili zisizo mbali na hizo zikaonekana Bukoba Vijijini, na jibu la Maabara ya Taifa likawa Marburg, kwa mara ya kwanza Tanzania. Dalili zilikaribiana, lakini safari hii hapakuwa na dawa ya kuandikwa kwenye cheti. Hakuna daktari, hata awe bingwa, ambaye angeweza kuyatenganisha magonjwa hayo mawili kwa kutazama macho ya wagonjwa.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba kilichoiokoa Rwanda ni matibabu, si vipimo. Wagonjwa wa Kigali walipewa dawa ya remdesivir na kingamwili zilizotengenezwa maabara, ambazo hazijaidhinishwa rasmi kwa Marburg lakini zilitolewa kwa utaratibu wa majaribio. Walitundikiwa dripu, figo zao zikafuatiliwa, na wawili kati yao waliowekewa mashine ya kupumulia wakatolewa wakiwa hai, jambo ambalo Shirika la Afya Duniani lilisema halijawahi kutokea Afrika kwa ugonjwa huu. Tena karibu asilimia 80 ya wagonjwa walikuwa wahudumu wa afya, watu wenye umri wa kufanya kazi na walio hatua chache kutoka kitandani. Yote hayo nayakubali. Lakini jiulize dawa hizo zilimfikia nani na siku ya ngapi. Kingamwili hutolewa kwa mtu ambaye imethibitika anacho kirusi, na hufaa zaidi kabla figo na ini havijaharibika. Rwanda ilipima maelfu ya watu katika muda usiofika miezi mitatu, ikafuata kila aliyetangamana na mgonjwa, ikamkamata mgonjwa akiwa bado na homa tu. Kipimo ndicho kilichofungua mlango wa wodi. Na kilifanya kazi ya pili ambayo matibabu hayawezi kuifanya: kiliwaingiza kwenye hesabu wale ambao pengine wangepona hata bila dawa.

Mlipuko wa 1967 unasaidia kutenganisha mambo hayo mawili. Wakati huo hapakuwa na dawa, hapakuwa na kipimo, wala kirusi chenyewe hakikuwa na jina. Wanasayansi walikiona kwa darubini ya elektroni katika muda wa miezi mitatu baada ya mgonjwa wa kwanza. Hata hivyo vifo vilikuwa asilimia ileile ya Kigali. Sehemu ya sababu ni hospitali nzuri, dripu na uuguzi. Sehemu nyingine ni kwamba waliokuwa hatarini walijulikana kwa majina: wafanyakazi wa kiwanda, wa maabara na wahudumu wao. Namba ya chini ilikuwa kamili kwa sababu kundi lilikuwa na mipaka. Vijijini Uíge hapakuwa na orodha ya wafanyakazi. Huko ni maabara peke yake ambayo ingeweza kuchora mpaka.

Kuna wanaosema virusi vyenyewe havilingani, na wanasayansi wa maabara wako upande wao. Tumbili walioambukizwa aina ya Angola hufa haraka kuliko walioambukizwa aina ya Musoke, iliyopewa jina la daktari wa Nairobi aliyeambukizwa na mgonjwa wake mwaka 1980 akapona. Sipuuzi tofauti hiyo; huenda inaeleza sehemu ya msiba wa Uíge. Lakini inaeleza kidogo tu kuhusu sisi. Kagera ya 2023 iliorodhesha wagonjwa 9 na vifo 6. Kagera ya 2025, vifo 10 katika wagonjwa 10. Ni mkoa mmoja, na miaka miwili haijapita. Namba ni ndogo na bahati mbaya ina nafasi yake, hivyo si vizuri kuzikamua sana. Hata hivyo kuna tofauti moja isiyo ya bahati: mwaka 2023 wanane kati ya tisa walipimwa, mwaka 2025 wawili kati ya kumi.

Hoja ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu ina historia nchini Tanzania, ni ile ya wasioamini vipimo. Mei 2020 Rais Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi, zilizopelekwa kwa majina ya watu, zilirudi na majibu kwamba zina virusi vya korona. Mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi, na takwimu za Tanzania zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 hadi mwaka uliofuata. Tuchukulie kwamba majibu hayo yalitoka kama yalivyoelezwa. Yangeonyesha nini? Kipimo cha kukuza vinasaba ni chepesi mno kunusa: chembe iliyoruka kutoka sampuli ya jirani, glovu ambazo hazikubadilishwa, au kitendanishi kilichochafuka vinatosha kuleta jibu chanya la uongo. Maabara zinalijua hilo, ndiyo maana katika kila mzunguko huwekwa sampuli tupu ya maji ambayo lazima itoke hasi, na nyingine yenye kirusi kinachojulikana ambayo lazima itoke chanya. Sampuli tupu ikitoka chanya, majibu yote ya mzunguko huo yanatupwa. Shaka juu ya maabara hutibiwa kwa kurudia kipimo katika maabara nyingine. Kusimamisha hesabu hakukusahihisha jibu hata moja. Kuliondoa tu namba ya chini, huku makaburi yakiendelea kuchimbwa kwa kasi ambayo kila mtu aliijadili kwa minong'ono.

Kosa la upande mwingine, jibu hasi la uongo, halizungumzwi sana lakini kwa Marburg na Ebola lina hatari kubwa zaidi. Katika siku tatu za kwanza za dalili kirusi kinaweza kuwa kichache mno katika damu kiasi cha kutoonekana, na ndiyo maana mwongozo unataka mgonjwa mwenye jibu hasi la mapema apimwe tena. Kuna pia kosa la kutumia chombo kisichofaa. Mashine ya GeneXpert, ambayo imeenea Afrika Mashariki kwa ajili ya kifua kikuu, ilifanya kazi kubwa Beni, Butembo na Goma, mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020. Lakini katriji yake ya Ebola ilitengenezwa kwa aina ya Zaire na haiioni aina ya Sudan. Mtu ambaye angempima mgonjwa wa Mubende kwa katriji hiyo angepata jibu hasi safi, na akamruhusu aende nyumbani. Kwa sababu hiyo Uganda ilitegemea taasisi yake ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, kisha ikasogeza maabara inayohamishika hadi Mubende kwenyewe.

Katikati ya Januari 2025 Tanzania ilionja tatizo hilo la majibu hasi. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya ugonjwa unaoshukiwa kuwa Marburg Kagera; Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na kirusi; na Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, akatangaza mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na wengine 25 ambao majibu yao yalikuwa hasi. Wapo walioona katika hayo ushahidi wa kuficha. Nadhani ni busara kwanza kuona ndani yake uhaba wa sampuli: ukipima waliobaki hai wakati waliokufa wameshazikwa, jibu hasi linaweza kuwa kweli kwa kila mmoja wao na bado likawa uongo kwa wilaya nzima. Tangazo hilo pia lilitaja jambo zuri ambalo halikupewa uzito, kwamba kipimo cha kwanza kilifanyika katika maabara inayohamishika ya Kabaile, humohumo Kagera, kabla ya kuthibitishwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko.

Inabaki hoja ya pesa na ya sifa. Malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani mwaka 2023, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika. Kwa nini tuhangaike na kirusi kilichoua kumi? Ingekuwa hoja kama maabara ya Marburg ingejengwa kwa ajili ya Marburg tu. Mtaalamu anayeweza kupima Marburg salama ndiye yuleyule anayepima dengi, surua, homa ya bonde la ufa na wingi wa virusi vya UKIMWI siku nyingine zote. Kuhusu sifa, ni kweli nchi inayopima na kutangaza huadhibiwa: Marekani iliwawekea uchunguzi wasafiri waliotoka Rwanda ndani ya wiki chache, na Afrika CDC, taasisi ya afya ya Umoja wa Afrika, ikalalamika. Adhabu hiyo si ya haki, tena ni ya kijinga, maana Marburg haiambukizi kabla ya dalili wala hairuki hewani kama surua. Hupita kwa damu, matapishi, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au maiti. Lakini Rwanda ilitangaza mwisho wa mlipuko Desemba 20, wiki 12 baada ya kuutangaza, na hoteli za Kigali hazikufungwa.

Jambo moja lingefaa kudaiwa kutoka kwa wizara zote za ukanda huu: kila tangazo la mlipuko litaje tarehe mgonjwa wa kwanza anayejulikana alipoanza dalili na tarehe jibu la kwanza chanya lilipotoka. Tofauti ya siku hizo inaeleza hatari kuliko asilimia yoyote, kwa sababu kirusi hujaa zaidi mwilini mgonjwa anapozidiwa na anapokufa, yaani katika siku zilezile ambazo ndugu humwosha na kumbeba. Biharamulo, uchunguzi wa baadaye ulirudi hadi mwanamke aliyeanza kuugua Desemba 9, 2024. Kutoka hapo hadi Januari 20 ni siku 42, sawasawa na siku 42 zinazohesabiwa bila mgonjwa mpya kabla ya kusema mlipuko umekwisha.

Njia nafuu ya kupunguza siku hizo haihitaji hata kumtoboa mtu mshipa. Pamba ya kijiti ikipitishwa kinywani mwa marehemu inatosha kwa kipimo cha vinasaba. Ilitumika sana Sierra Leone mwaka 2014 na 2015, na timu za mazishi salama ziliitumia Kivu wakati wa ile Ebola ya Kongo. Huko Kivu ilikutana na ukali, na wakati mwingine mawe, kutoka kwa familia zilizoona wageni waliovaa kama wanaanga wakigusa maiti wao bila maelezo. Kwa hiyo anayeshika kijiti hicho Kagera afaa awe mhudumu wa zahanati ya hapohapo, mtu anayejulikana kijijini, na jibu lirudi kwa familia kabla ya kwenda kwa waandishi wa habari. Kama vifo vya homa visivyoelezeka Biharamulo vingepimwa hivyo tangu Desemba, orodha ya wanane wa kukisiwa ingekuwa fupi, na huenda ile ya waliopona isingekuwa tupu.